Miwani mipya, lakini mtoto bado haoni vizuri: ifahamu keratokonasi

Mama, huenda jambo hili limekupata. Mtoto wako wa sekondari alilalamika kwamba haoni ubaoni. Ukasubiri malipo ya kahawa, ukampeleka mjini kupimwa macho, akapewa miwani. Miezi michache baadaye unaikuta sandukuni. Ukimuuliza, anakujibu, "Mama, hata nikiivaa bado naona maandishi mawili mawili." Unapata hasira, kwa sababu fedha ile ilikuwa ya mbolea.

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii hapa Mkumbi, wilayani Mbinga. Mama mmoja alinijia na malalamiko kama hayo kuhusu kijana wake wa kidato cha pili. Ile ilikuwa miwani ya tatu ndani ya miaka miwili. Nami nilimjibu vibaya. Nilimwambia, "Mwambie aivae kila siku, atazoea." Hakuzoea. Kijana yule alikuwa na ugonjwa wa macho uitwao keratokonasi, na mwaka tulioupoteza tukimwambia azoee ulikuwa na gharama yake, kama nitakavyoeleza mwishoni.

Ninaandika ili wewe usipoteze mwaka kama ule. Utajifunza ugonjwa huu ni nini, kwa nini vipimo vya miwani vyake hukosewa kirahisi, na wewe mzazi au mlezi unaweza kufanya nini ili vipimo viwe bora.

Keratokonasi ni nini?

Mbele kabisa ya jicho kuna utando mwembamba usio na rangi, unaong'aa kama kioo cha saa. Wataalamu huuita konea. Hapa nitauita kioo cha jicho. Katikati, unene wake ni kama nusu milimita tu, lakini hufanya karibu theluthi mbili ya kazi ya kukusanya mwanga ili tuone vizuri.

Kwa kawaida kioo hiki kimejiviringa vizuri, kama mgongo wa kijiko. Kwa mwenye keratokonasi, kioo hupungua unene, hulegea, na husukumwa mbele kidogo kidogo hadi kuchongoka kama pia. Mwanga ukipita hapo hutawanyika, na mtu huona ukungu, vivuli au maandishi yaliyorudufika.

Mara nyingi ugonjwa huanza katika umri wa kubalehe na huendelea hadi miaka ya 30 au hata 40. Ukianza mapema, mara nyingi hukimbia zaidi. Kwa kawaida hushika macho yote mawili, ila moja hutangulia. Watoto wenye mzio wa macho unaowasha sana, wanaosugua macho mara kwa mara, wenye ndugu wa damu mwenye ugonjwa huu, na wenye ugonjwa wa Down wamo katika hatari zaidi.

Keratokonasi haiambukizi. Haitokani na kusoma sana, wala kulogwa. Na si kosa la mama.

Dalili unazoweza kuziona nyumbani

- Vipimo vya miwani vinabadilika kila baada ya miezi michache.
- Miwani mipya haisaidii, au inasaidia kidogo tu.
- Mtoto akifunika jicho moja, lile lililobaki bado linaona kitu kimoja kama viwili, au herufi zenye mkia na kivuli.
- Taa za usiku, kwa mfano za pikipiki, zinamtawanyikia na kumuumiza.
- Anakunja uso, anainamisha kichwa, au anasogeza daftari karibu sana na uso.
- Anasugua macho mno, hasa wakati wa vumbi.

Kuna jaribio dogo unaloweza kulifanya. Chukua karatasi ngumu kama jalada la daftari, utoboe tundu dogo kwa pini, lenye upana wa kama milimita 1. Mtoto avae miwani yake, asimame hatua tano kutoka kwenye kalenda ya ukutani, kisha afunike jicho moja. Asome kwanza bila karatasi, halafu asome kupitia lile tundu. Rudieni kwa jicho la pili. Asitazame jua kupitia tundu hilo.

Ikiwa kupitia tundu anasoma vizuri zaidi kuliko kwa miwani peke yake, maana yake jicho lile lina uwezo wa kuona zaidi ya kile ambacho miwani ile inampa. Hujathibitisha keratokonasi, lakini umepata sababu nzuri ya kurudi kwa mtaalamu. Na kama tundu halibadilishi kitu, bado usikae nyumbani. Macho yana magonjwa mengi, nayo yanahitaji kuangaliwa.

Kwa nini vipimo vya miwani hukosewa?

Lenzi ya miwani imetengenezwa kwa ustadi na usawa. Inaweza kurekebisha jicho ambalo kasoro yake nayo ina mpangilio, kwa mfano jicho lisiloona mbali, au lile ambalo kioo chake kina umbo la yai. Kasoro hii ya umbo la yai huitwa astigmatizimu. Kioo chenye keratokonasi kimepinda bila mpangilio: sehemu moja imechongoka, nyingine imelala. Kwa hiyo miwani hurekebisha sehemu tu ya tatizo. Mwanzoni sehemu hiyo ni kubwa na inatosha. Ugonjwa ukiendelea, hupungua.

Zaidi ya hapo, kazi ya kupima yenyewe ni ngumu kuliko kwa jicho la kawaida. Haya ndiyo hutokea:

1. Kutegemea kompyuta peke yake. Watu wengi hufurahi wakiambiwa wamepimwa kwa kompyuta. Mashine ile hutoa makadirio. Kwenye jicho lenye keratokonasi inaweza kutoa namba tofauti kila inapopima, au ikashindwa kabisa. Namba zake ni mahali pa kuanzia tu. Mtaalamu anatakiwa pia kupima kwa mkono, kwa kumulika jicho kwa taa maalumu. Akiona vivuli viwili ndani ya jicho vikikutana na kuachana kama makali ya mkasi, hiyo humfanya ashuku keratokonasi.

2. Haraka. Mtoto anaulizwa, "Hii au hii, ipi nzuri?" Kwa mwenye keratokonasi zote mbili zina ukungu, hivyo anachagua yoyote ili asionekane mjinga. Mtaalamu anayeujua ugonjwa huu hubadilisha lenzi kwa hatua kubwa zaidi ili tofauti ionekane, na humpa mtoto muda.

3. Kupima macho yakiwa yamevimba au yametoka kusuguliwa. Machozi na uvimbe hubadilisha majibu. Ni vizuri mzio utulizwe kwanza.

4. Namba kubwa kupita uvumilivu wa mtoto. Wakati mwingine namba iliyo sahihi kwenye ubao wa herufi humpa kizunguzungu akitembea, hasa kama macho yake mawili yanatofautiana sana. Mtaalamu anaweza kupunguza nguvu kidogo ili mtoto aweze kuivaa. Miwani inayompa mtoto nafuu kiasi naye akaivaa kutwa ni bora kuliko ile yenye namba kamili inayolala sandukuni.

Jinsi unavyoweza kusaidia vipimo viwe bora

*Kabla ya kwenda*

Kusanya miwani yote ya zamani, hata iliyovunjika, pamoja na vyeti vyote vya vipimo. Kwa ugonjwa huu karatasi hizo ni sawa na kadi ya kliniki: kipimo cha leo kinaonyesha mtoto alipo, na vyeti vya nyuma vinaonyesha anakoelekea.

Kwenye cheti utaona jicho la kulia na la kushoto, kisha safu za namba. Safu iliyoandikwa CYL ni ukubwa wa astigmatizimu. Safu iliyoandikwa AXIS ni mwelekeo wake, kuanzia digrii 1 hadi 180. Linganisha cheti cha zamani na kipya bila kujali alama ya kutoa au kujumlisha iliyo mbele ya namba, mradi alama hiyo ni ileile kwenye vyeti vyote viwili. Kama CYL imeongezeka kwa 1.00 au zaidi ndani ya mwaka mmoja, mwonyeshe mtaalamu na umwulize kama ugonjwa unaendelea. Ongezeko la kiasi hicho ni moja ya mambo ambayo madaktari huyaangalia.

*Siku ya kipimo*

Mwache mtoto aseme kwa maneno yake anachokiona: "Herufi ina mkia," "Naona miezi miwili." Usimjibie. Mwambie mapema kwamba kusema "zote sawa" au "sioni tofauti" si kosa. Kisha wewe sema wazi: "Hii ni miwani yake ya tatu na bado haoni vizuri. Je, inaweza kuwa keratokonasi?" Mtaalamu mzuri hachukizwi na swali hilo. Uliza pia kama kuna mashine ya kuchora ramani ya kioo cha jicho, maana hiyo ndiyo huonyesha ugonjwa ukiwa bado mchanga.

Kabla lenzi hazijakatwa, omba mtoto avae ile fremu ya majaribio na kutembea nayo kwa dakika kadhaa, atoke nje, atazame mbali, apande ngazi.

*Siku ya kuchukua miwani*

Angalia fremu. Mama wengi hawajaambiwa jambo hili, nalo ni kubwa. Lenzi ya astigmatizimu lazima ikae katika mwelekeo wake. Ikizunguka kwa digrii 10 tu, kama theluthi moja ya astigmatizimu hubaki bila kurekebishwa. Ikizunguka kwa digrii 30, faida yote ya nguvu ile hupotea, ingawa namba kwenye cheti ni sahihi. Kwa hiyo fremu iliyokaliwa, iliyopinda, inayoteleza puani, au iliyofungwa kwa uzi upande mmoja inaharibu kipimo kizuri. Fremu za duara kabisa zina hatari zaidi, kwa sababu lenzi inaweza kuzunguka ndani yake. Miwani ikipinda, irudishe ikanyooshwe kabla ya kulaumu vipimo au mtoto.

Miwani ya kusomea inayouzwa mnadani haifai kwa ugonjwa huu. Lenzi zake hazina nguvu ya astigmatizimu, na huwa sawa pande zote mbili.

*Baada ya hapo*

Mpe mtoto wiki moja au mbili za kuzoea. Kama bado hawezi kuona au anapata kizunguzungu, rudi. Vipimo vya kijana mwenye keratokonasi vinahitaji kurudiwa kila baada ya miezi kama sita, au kama daktari atakavyopanga.

Miwani ikifika mwisho wa uwezo wake

Kuna wakati hata mtaalamu bora hawezi kupata miwani ya kutosha. Si uzembe wake. Hapo zipo njia nyingine.

*Lenzi ngumu za kuvaa juu ya jicho.* Lenzi hizi huweka uso mpya ulio laini mbele ya kioo kilichopinda, na machozi hujaza mabonde yaliyo katikati. Zinaweza kumpa mtu uoni ambao miwani haiwezi. Lakini zinahitaji mikono safi na dawa maalumu ya kuzisafishia kila siku. Kuzisafisha kwa maji ya bomba, ya kisima au kwa mate kunaweza kuleta kidonda kibaya cha jicho.

*Kukaza kioo cha jicho.* Daktari huweka matone ya riboflavini, yaani vitamini B2, kisha humulika jicho kwa mionzi ya urujuanimno kwa muda uliopimwa. Njia hii ilianzia Dresden, Ujerumani, mwishoni mwa miaka ya 1990. Kazi yake kuu ni kuzuia ugonjwa usiendelee. Uoni uliokwisha kupotea kwa kawaida haurudi wote. Ndiyo maana kuwahi ni muhimu kuliko yote. Baada ya matibabu mtoto bado atahitaji miwani, na vipimo huyumba kwa miezi kadhaa kabla ya kutulia. Tafadhali usijaribu kuiga kwa vidonge vya vitamini na kuota jua. Haifanyi kazi, na jua linaumiza macho.

*Kupandikiza kioo kipya.* Hii ni kwa wachache ambao kioo chao kimechongoka sana au kimepata kovu.

Kazi yako kubwa nyumbani: kuzuia kusugua macho

Kusugua macho kunakidhuru kioo kilicho dhaifu. Huku kwetu kiangazi kina vumbi la barabara, makapi ya mahindi na moshi wa jikoni, na macho yenye mzio huwasha kweli. Kumgombeza mtoto hakutoshi. Mpe njia mbadala: kitambaa safi kilicholowekwa maji ya baridi juu ya macho yaliyofumbwa, kunawa uso akitoka shambani, kucha fupi, na kutolala kifudifudi uso ukikandamizwa mtoni.

Omba dawa ya mzio kwa mtoa huduma wa afya. Usinunue mwenyewe matone yenye steroidi, kama deksamethazoni, kisha ukaendelea nayo kwa miezi. Yanatuliza muwasho haraka, lakini bila usimamizi yanaweza kuleta presha ya macho na mtoto wa jicho. Maziwa ya mama, mkojo na maji ya majani visiwekwe jichoni kabisa.

Wapi pa kwenda

Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, au mwone mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Omba karatasi ya rufaa. Kutoka hapa njia hupitia hospitali ya wilaya na kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Songea. Mama zangu wa mwambao, Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, msingoje kliniki ya macho ije kijijini kama dalili zimekwisha kuonekana.

Kwa ugonjwa ulioendelea, huenda ukaelekezwa hospitali kubwa zaidi, kama KCMC iliyoko Moshi, au Muhimbili na CCBRT zilizoko Dar es Salaam. Safari hizo ni ndefu na nauli ni nzito. Kabla ya kupanda basi, omba aliyekupa rufaa apige simu kuuliza kama kipimo au matibabu unayoyafuata yanapatikana siku hiyo na yanagharimu kiasi gani. Kama una bima ya afya, uliza mapema inalipia nini.

Usisubiri hata siku moja ikiwa jicho limepata ukungu ghafla, limekuwa na doa jeupe, linauma, au haliwezi kuvumilia mwanga. Maji yanaweza kuwa yameingia ndani ya kioo kilichopasuka upande wa ndani. Nenda hospitali.

Na shuleni je?

Mwone mwalimu wa darasa. Omba mtoto akae mbele, mwalimu asome kwa sauti anachoandika ubaoni, na mtoto aruhusiwe kunakili kutoka kwenye daftari la mwenzake. Kama uoni umebaki hafifu, zungumza na mkuu wa shule mapema kuhusu mitihani ya taifa, maana Baraza la Mitihani huandaa karatasi zenye maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu. Taarifa hiyo lazima ifike kabla, si wiki ya mtihani.

Kijana wa kidato cha pili

Turudi kwa yule kijana. Mama yake aliporudi kwangu safari ya pili, sikumwambia tena atazoea. Nilimwandikia rufaa. Alikuwa amehifadhi vyeti vyote vitatu vya miwani kwenye mfuko uleule wa plastiki anaowekea kadi za kliniki za watoto. Daktari wa macho alivipanga mezani na kuona mara moja kwamba CYL imepanda kila safari, jicho la kushoto likikimbia zaidi.

Jicho la kulia lilikazwa, na mpaka sasa limetulia. La kushoto lilikuwa limechelewa. Kioo kilikuwa chembamba mno kwa matibabu yale. Mwaka mmoja mapema, pengine lingewahi. Silisahau neno hilo.

Miwani yake ya nne ilichukua karibu asubuhi nzima kupimwa. Kwa jicho la kulia anasoma ubao akiwa benchi la mbele. La kushoto linamsaidia kutembea. Anaivaa miwani hiyo tangu asubuhi hadi jioni bila kuambiwa, na mama yake amekwisha kumleta mdogo wake wa kike, anayesugua macho kila kiangazi, naye apimwe.

Kwa hiyo, mama, mtoto akikwambia miwani haimsaidii, mwamini kwanza. Fungua sanduku, toa miwani na vyeti vyake vyote, viweke katika mfuko mmoja, na mje navyo zahanati.